Pikapu ya umeme: Jinsi ya kuchagua pa kuchajia, nyumbani na njiani

MNUNUZI wa pikapu ya dizeli huuliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa zake: bei, uzito wa mzigo inaoweza kubeba na kiasi cha mafuta inachokunywa. Haulizi itajazwa wapi, kwa kuwa vituo vya mafuta viko karibu katika kila mji kuanzia Vanga hadi Moyale. Kwa pikapu ya umeme, swali hilo analoliruka ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote. Asiyelijibu mapema huenda akajikuta na gari zuri la mamilioni ya pesa ambalo saa tisa usiku, wakati wa kuelekea sokoni, limepata nusu tu ya chaji.

Magari haya yameanza kuonekana nchini, baadhi yakiletwa mapya kutoka Uchina na mengine yakiwa ya zamani yaliyobadilishwa injini. Wauzaji husifu ukubwa wa betri. Ukubwa huo una maana yake, lakini haumwambii mteja chaja ipi aifunge ukutani kwake. Jambo hilo huamuliwa na hesabu mbili ambazo mwenye gari pekee ndiye anayezijua: kilomita anazosafiri kwa siku, na saa ambazo pikapu hulala.

Kipimo cha kutumia ni kile kile kilichochapishwa kwenye risiti ya tokeni za stima, yaani uniti, ambayo ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja. Betri hupimwa kwa uniti na chaja hupimwa kwa kilowati. Anayetaka kulielewa jambo hili kwa wepesi na afikirie tangi la maji na mfereji: uniti ni maji yaliyomo tangini, nazo kilowati ni kasi ya maji yanayotoka mferejini. Tangi kubwa lenye mfereji mwembamba huchukua siku nyingi kujaa, lakini anayechota ndoo mbili kwa siku hana haja ya kulijaza tangi zima kila usiku.

Mfano unaofaa ni pikapu ya Ford F-150 Lightning, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 2022. Gari hilo lina usukani wa kushoto na kwa hivyo halisajiliwi humu nchini kwa njia ya kawaida, ila limepimwa na kuandikwa habari zake kuliko jingine lolote la aina yake. Lilitolewa na betri za ukubwa wa aina mbili, ya uniti 98 na ya uniti 131. Kwa vipimo rasmi vya Marekani hutumia takriban uniti 30 kwa kila kilomita 100, zikihesabiwa kutoka ukutani, pamoja na zile zinazopotea njiani kama joto. Gari dogo la umeme kama Nissan Leaf hutumia uniti zisizofika 20 kwa umbali huo huo. Pikapu nyingine ndogo kuliko hiyo ya Ford zitatumia pungufu kidogo, lakini anayepanga na apange kwa uniti 30, kwani mzigo, matope na milima havimo katika vipimo vya maabara.

Soketi ya kawaida yaweza kutosha

Katika jambo hili Mkenya ana bahati kumshinda Mmarekani. Soketi ya kawaida katika nyumba ya Marekani hutoa volti 120, na pikapu iliyochomekwa humo hupata kilowati 1.4 pekee, betri ya uniti 131 ingechukua karibu siku nne kujaa. Soketi ya Kenya yenye matundu matatu hutoa volti 240. Kebo ya kuchajia inayokuja na gari huvuta kwa kawaida ampea 10, hata ingawa plagi imeandikwa 13, na hivyo huleta kilowati 2.4.

Kwa saa 10, kilowati hizo ni uniti 24, sawa na safari ya kilomita 80. Mwenye kampuni ndogo ya ujenzi anayezunguka Kiambu na Nairobi, akirudi nyumbani saa moja jioni na kuondoka saa moja asubuhi, anaweza kuishi miaka mingi kwa soketi hiyo pekee, bila kununua chaja yoyote.

Si wote walio na saa 12 za kulala. Chukua mfanyabiashara wa mboga kutoka Limuru anayeuza katika soko la Wakulima, Nairobi. Kwenda, kurudi na mizunguko midogo ni kilomita 80 hivi, umbali ule ule wa mwenzake wa ujenzi. Lakini huyu hufunga hesabu za siku na kuchomeka gari saa tatu usiku, kisha saa tisa yuko barabarani. Saa sita hizo zinampa uniti zisizozidi 15, ambazo ni kilomita 48. Kila siku anakwenda na upungufu wa kilomita 32. Betri kubwa itauficha upungufu huo Jumatatu na Jumanne; kufikia Ijumaa atakuwa anatafuta kituo cha kuchajia mjini, pale pale bei inapokuwa ya juu na foleni ni ndefu.

Mtu wa aina hii anahitaji chaja ya ukutani ya ampea 32. Katika umeme wa fezi moja, ambao ndio ulio katika nyumba nyingi, chaja hiyo hutoa kilowati 7 na kidogo juu. Kwa saa zile zile sita atapata zaidi ya uniti 40, kiasi cha kwenda Limuru na kurudi na bado akabaki na akiba ya dharura.

Wapo wauzaji wanaomsukuma mteja anunue chaja ya kilowati 22. Kabla ya kukubali, mteja aulize maswali mawili. Kwanza, je, nyumbani kwake kuna umeme wa fezi tatu? Bila hizo, chaja hiyo haitatoa zaidi ya ile ndogo. Pili, je, gari lenyewe linaweza kupokea kiasi hicho? Umeme wa nyumbani ni wa kupishana, na betri haiwezi kuupokea hadi ugeuzwe kuwa wa mkondo mmoja. Kazi hiyo hufanywa na kigeuzi kilichomo ndani ya gari, nacho kina kikomo chake. Gari lenye kigeuzi cha kilowati 7 litavuta 7 hata likichomekwa kwenye chaja ya 22. Tofauti ya bei itakuwa imelipiwa bure. Kikomo hicho huandikwa kwenye kitabu cha gari, na muuzaji asiyeweza kukionyesha hafai kuaminiwa kwa mengine.

Hesabu ya pesa

Tangu Aprili 1, 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliweka bei maalumu ya umeme wa magari. Ilikuwa Sh16 kwa uniti nyakati za kawaida na Sh8 nyakati ambazo matumizi ya taifa ni madogo, hasa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa mteja asiyezidi uniti 15,000 kwa mwezi. Wakati huo huo, mteja wa nyumbani anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi aliwekewa Sh20.97 kwa uniti. Viwango hivi ni vya msingi. Juu yake huongezwa gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, marekebisho ya ubadilishanaji wa fedha, ada nyingine na ushuru wa VAT. Aidha, hupitiwa upya mara kwa mara, hivyo ni busara kuuliza viwango vya sasa katika ofisi ya Kenya Power.

Bei ya usiku iliwekwa nusu kwa sababu inayoeleweka. Mvuke wa Olkaria hautambui usiku wala mchana; hutoka ardhini wakati wote, nao upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu usiku. Taifa linapolala, umeme huo hukosa mnunuzi, na mara nyingine mvuke huachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo wowote. Gari linalochajiwa saa saba usiku hutumia kile ambacho kingepotea.

Pikapu ya Limuru ikifanya kazi siku 25 kwa mwezi, itasafiri kilomita 2,000 na kutumia uniti 600. Kwa viwango vya msingi vya 2023, uniti hizo zingegharimu Sh12,582 kupitia mita ya nyumba, Sh9,600 kwa bei ya kawaida ya magari, au Sh4,800 zikivutwa zote usiku. Tofauti kati ya kiasi cha kwanza na cha mwisho ni karibu Sh7,800 kila mwezi, kabla ya ushuru.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Kenya Power humweka mteja wa nyumbani katika daraja kwa kutazama wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Mwaka 2023, aliyetumia uniti zisizozidi 30 alilipa Sh12.22 kwa kila moja, na aliye kati ya 31 na 100 alilipa Sh16.30. Pikapu ikianza kuvuta uniti 600 kupitia mita hiyo hiyo, nyumba nzima hupanda hadi daraja la juu, ikiwemo taa, redio na pasi. Familia iliyozoea uniti 90 kwa mwezi ingeongezewa Sh420 hivi kwa umeme wake wa zamani, bila kuwasha taa hata moja zaidi.

Kwa hivyo bei ya magari hutakiwa kuombewa mita ya peke yake, isiyochanganywa na ya nyumba. Kuna gharama ya kuiunganisha na kuna kungoja. Anayesafiri kilomita 20 kwa siku huenda asione faida ya usumbufu huo. Anayefanya biashara ya kila siku ataona faida kabla ya mwaka kwisha, mradi chaja yake iwe na uwezo wa kupangiwa saa, ianze yenyewe saa nne usiku na kuzima alfajiri.

Anayetaka kulinganisha na dizeli asitegemee hesabu za muuzaji. Achukue risiti yake ya mwisho ya tokeni, agawanye pesa alizolipa kwa uniti alizopata, kisha azidishe jibu kwa 30. Hiyo ndiyo gharama ya kilomita 100 nyumbani kwake. Kiasi hicho akipime dhidi ya lita ambazo pikapu yake ya sasa humaliza kwa umbali huo, kwa bei ambayo EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi.

Waya, ardhi na shawa

Soketi iliyotengenezwa kwa ajili ya birika la chai hufanya kazi dakika tano na kupumzika. Pikapu huivuta kwa saa 10 bila kupumua, usiku baada ya usiku. Soketi hafifu, au ile ambayo skrubu zake zimelegea, hupata moto, hubadilika rangi na hatimaye huyeyuka. Kwa hivyo hata anayetosheka na soketi ya kawaida anapaswa kuwekewa moja mpya ya ubora mzuri, yenye waya wake wa moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku cha swichi, isiyochangia njia na friji au soketi za jikoni. Kebo za kuunganisha zilizokunjwa chini ya zulia ni marufuku kwa kazi hii.

Chaja ya ampea 32 inahitaji waya mnene zaidi, wa milimita mraba 6 au zaidi kulingana na umbali kutoka kwenye mita, na swichi yake ya usalama. Fundi aulizwe hasa juu ya kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kile cha kawaida kinaweza kupumbazwa na mkondo mmoja unaovuja kutoka kwenye gari, kikashindwa kukata siku kinapohitajika. Chaja nyingi bora huwa na kinga hiyo ndani yake. Za bei ya chini huenda zisiwe nayo.

Ardhi nayo ni muhimu. Chaja hukagua waya wa ardhini kila inapoanza, na ikiuona dhaifu hukataa kufanya kazi. Katika maeneo makavu, chuma kilichopigwa ardhini wakati wa masika kinaweza kushindwa kufikia kipimo ifikapo Februari udongo ukiwa umekauka. Si ajabu mwenye gari akadhani chaja imeharibika kumbe tatizo liko futi chache chini ya miguu yake. Kazi yote hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, ambaye pia atapima jumla ya mzigo wa nyumba.

Mzigo huo hushangaza. Chaja huvuta ampea 32, shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo huvuta zaidi ya 20, na birika karibu 10. Vikiwashwa pamoja saa moja jioni, ni zaidi ya ampea 60 kwa laini moja, kiasi ambacho nyumba nyingi hazikutandaziwa waya wa kukibeba. Dawa rahisi ni kuiacha chaja ingoje watu walale. Dawa ya gharama kidogo ni chaja inayosoma matumizi ya nyumba na kujipunguza yenyewe mtu anapoingia kuoga.

Wapangaji wana mtihani mgumu zaidi. Nyaya zinazoning'inia kutoka orofa ya tatu hadi kwenye maegesho si suluhisho, na katika ploti ambako wapangaji kadhaa hutumia mita moja, pikapu itazua ugomvi kabla ya mwezi kwisha. Mazungumzo na mwenye nyumba yafanywe kabla ya kununua gari, yaandikwe, na yataje nani analipia waya na nani anabaki na chaja mpangaji akihama. Ikishindikana, mpangaji atafute maegesho ya usiku yenye umeme, au akubali kwamba atategemea vituo vya umma na apige hesabu zake kwa bei ya huko. Kampuni ya mabasi ya umeme ya BasiGo, iliyoanza majaribio Nairobi mwaka wa 2022, huchaji mabasi yake usiku katika bohari. Wenye pikapu watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuiga utaratibu huo kwa kukodi uwanja mmoja wenye mita moja ya bei ya magari.

Mdomo wa gari

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika. Umbo la soketi iliyo kwenye gari, ambayo mafundi wengine huiita mdomo, hutegemea nchi lilikotengenezewa kuuzwa. Gari lililokusudiwa Ulaya au Uingereza huwa na mdomo wa Aina ya 2 kwa umeme wa nyumbani, na wa CCS2 kwa kuchaji kwa kasi. Lililokusudiwa soko la ndani la Uchina huwa na GB/T, hata kama ni la kampuni ile ile na linafanana na mwenzake kwa kila kitu kingine. Magari ya Japani, hasa yaliyotumika, huja na CHAdeMO. Jina hilo lilitungwa likiwa na mzaha ndani yake, kwani linakaribiana na maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu anywe chai wakati gari likichaji. Pikapu za Marekani zilikuwa na CCS1, kisha mwaka 2023 Ford na Rivian zikatangaza kwamba zitahamia mdomo uliobuniwa na Tesla.

Kwa umeme wa nyumbani, tofauti hizi hutatuliwa kwa kebo inayofaa au kiunganishi cha bei nafuu. Kwa kuchaji kwa kasi jambo ni tofauti kabisa, kwa sababu gari na kituo huzungumza kwa lugha yao kabla ya umeme kupita, na kiunganishi cha kutafsiri lugha hiyo ni ghali na mara nyingine hakifanyi kazi. Viunganishi visivyo na chapa inayojulikana vinavyouzwa mitandaoni viepukwe. Kupitia kwavyo hupita mamia ya volti.

Mwenye akili hufuata njia ya kinyume: huzunguka kwanza vituo vilivyo katika njia zake za kila wiki, akaandika midomo aliyoiona kwenye nyaya zake, kisha huagiza gari linalolingana. Gari lililotumika lina sharti jingine linalojulikana, kwamba lisiwe limezidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa gari la umeme, miaka hiyo ni ya betri pia, na muuzaji adaiwe cheti kinachoonyesha asilimia ya uwezo uliobaki.

Vituo vya umma na barabara ya Mombasa

Vituo vya umma ni vya namna mbili, na majina yake huchanganywa. Kuna vya polepole, vya kilowati 7 hadi 22, ambavyo kwa kweli ni chaja ya nyumbani iliyowekwa kwenye maegesho ya maduka au hoteli. Kwa pikapu, saa moja ya kununua bidhaa hapo huleta uniti 7, ambazo ni kilomita 23 tu. Vinafaa kwa anayelala hotelini. Na kuna vya kasi, vinavyoingiza mkondo mmoja moja kwa moja kwenye betri bila kupitia kigeuzi cha gari. Kituo cha kilowati 50 huleta uniti 25 kwa nusu saa, yaani zaidi ya kilomita 80.

Hata hivyo, kasi hiyo haidumu. Betri inapokaribia asilimia 80 gari lenyewe hupunguza umeme linaoupokea ili kuilinda, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda karibu sawa na zote zilizotangulia. Madereva wenye uzoefu huondoka kwenye asilimia 80 na kusimama tena mbele. Kulipa kwa dakika baada ya hapo ni hasara, na kukaa wakati wengine wanangoja ni utovu wa adabu.

Kabla ya kutegemea kituo chochote, mwenye pikapu anapaswa kujua kinatoa kilowati ngapi, kina mdomo upi, hufungwa saa ngapi, hulipisha kwa uniti au kwa dakika, na iwapo hukubali M-Pesa au hudai programu yake ya simu. Aulize pia kama kuna ada ya maegesho juu ya ada ya umeme. Vituo vingi vimechorwa kwa magari madogo, na pikapu ndefu yenye trela hulazimika kufunguliwa trela hiyo ili kebo ifike. Akipata nafasi, akakague yeye mwenyewe siku ambayo hana haraka. Nairobi ina vituo vingi kuliko kwingineko. Nje ya jiji, umbali kati ya kimoja na kingine ndio unaopaswa kuamua safari.

Barabara ya Mombasa ni kipimo kizuri. Kutoka pwani hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Pikapu ya tani tatu na nusu pamoja na mzigo inahitaji uniti 16 za kuinua uzito huo pekee, kando na zile za kusukuma upepo na kuzungusha magurudumu. Pikapu ya Ford yenye betri kubwa ilipimwa Marekani kuwa na uwezo wa kwenda kilomita 515. Mpando huo utameza kama 60, zibaki 455. Dereva aliyeteremka hadi Mombasa bila kusimama, gari likirudisha sehemu ya umeme kila anapokanyaga breki, asidhani atarudi vivyo hivyo. Lazima achaji njiani, na kituo bora ni kilicho kabla ya nusu ya safari ya kupanda, si baada yake, ili kikikosa umeme bado ana chaji ya kufika kingine.

Trela hubadilisha kila kitu. Majaribio kadhaa ya Marekani yalionyesha pikapu za umeme zikipoteza karibu nusu ya umbali wake zinapovuta trela kubwa, kwa sababu ya upepo zaidi kuliko uzito. Anayevuta trela kila wiki katika njia ndefu zisizo na vituo vya kasi bado atahudumiwa vyema na dizeli, na muuzaji mwaminifu atamwambia hivyo.

Umeme ukipotea

Mwaka 2023 taifa zima liliingia gizani mara tatu, Agosti, Novemba na Desemba, na Agosti baadhi ya maeneo yalikaa saa nyingi bila stima. Kwa hivyo pikapu ya kazi haipaswi kulala ikiwa na chaji chini ya safari moja ya kesho. Wengi huipangia ikome kwenye asilimia 80 au 90 kila usiku, kiwango ambacho pia hupunguza uchakavu wa betri zenye nikeli. Zile za chuma na fosfeti, zilizo nyingi katika magari ya Uchina, zinaweza kujazwa hadi 100, na watengenezaji wengi hushauri zijazwe hivyo mara kwa mara. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Wenye mita za tokeni nao wana giza lao wenyewe: tokeni zikiisha saa nane usiku, chaja huzima kimya kimya, na hakuna anayejua hadi alfajiri.

Pikapu kadhaa zina soketi za kutoa umeme kwenye betri yake, na usiku wa giza zinaweza kuendesha friji na taa. Vifaa vichomekwe moja kwa moja kwenye gari. Kurudisha umeme huo kwenye soketi ya nyumba bila kifaa maalumu cha kutenganisha nyumba na laini ya nje ni hatari ya mauti kwa fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo akidhani waya hauna kitu.

Paneli za sola husaidia mwenye gari linalokaa nyumbani mchana. Pikapu ya biashara huwa kazini jua linapowaka, hivyo faida yake itapitia kwenye betri nyingine ya nyumbani, ambayo ni gharama ya pili, au kwenye utaratibu wa kuuzia gridi umeme wa ziada uliowekewa kanuni mwaka wa 2024.

Ombi la mita ya magari lipelekwe Kenya Power mara tu gari linapoagizwa, na fundi awe amemaliza kutandaza waya kabla meli haijatia nanga Kilindini. Siku ya kulipokea gari, mnunuzi aende na kebo yake, alichomeke mbele ya muuzaji kwa umeme wa kawaida, kisha alipeleke kwenye kituo cha kasi kilicho karibu na kulichaji kwa dakika 10. Mdomo usioingiliana na kituo hicho hugunduliwa siku hiyo hiyo, kabla hati za umiliki hazijatiwa saini.